"Rafiki Wangu" na Makosa Mengine Niliyowatangulia Kuyafanya

Jumamosi iliyopita nilikusanya madaftari yenu 14 pale ukumbini Umoja, nikapanda matatu, nikaketi kiti cha nyuma kabisa na kuanza kuyasoma. Sentensi ya kusahihisha ilikuwa moja tu, ya alama mbili:

Rafiki yangu ambaye anayeuza viatu Gikomba alinipea jozi mbili.

Madaftari 11 yamebadilisha mwanzo na kuandika "Rafiki wangu". Kumi na moja! Na sita kati ya hayo yameiacha "ambaye anayeuza", kosa lenyewe, ikiwa imekaa pale pale, mzima wa afya. Nilifunga daftari la mwisho nikacheka peke yangu mpaka abiria wa kando akasogea dirishani. Sikuwa nawadharau, jamani. Kosa hilo ni langu. Nililifanya mwaka 2006, kabla hata mmoja wenu hajajua kuandika jina lake, na nilidhani nilikuwa nimelizika.

Ndiyo sababu ya maneno haya. Karatasi yenyewe mnaijua: 102/2, ile ya pili ya Kiswahili katika KCSE, muda wa saa mbili na nusu, alama 80. Ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii (lugha inavyotumika katika jamii) 10. Ngeli, yale makundi ya nomino, sitawafundisha hapa, mna walimu na wamechoka kuziimba. Nataka niwaonyeshe mashimo niliyotumbukia mimi, ili nanyi mkitaka kutumbukia mtafute mapya.

1. Mtafuteni mwenye sentensi kabla ya kugusa kitu.

"Bei ya viatu hivi vimepanda." Jicho limeona viatu, mkono umeandika vi-. Lakini viatu havijapanda popote, viko chini kwenye turubai vinasubiri mnunuzi. Iliyopanda ni bei. "Bei ya viatu hivi imepanda." Pigeni mstari wa penseli chini ya nomino inayotawala, kisha ruka kila kitu kilicho katikati hadi kwenye kitenzi, mwone kama hao wawili wanajuana. Ni hivyo tu. Watunzi wa maswali wanapenda sana kumweka mgeni katikati ya nomino na kitenzi, na mgeni mwenyewe huwa na kelele.

2. Sikio la Nairobi lina mambo yake.

Leo asubuhi pale stendi makanga alikuwa ananing'inia mlangoni akiita, "Gari imejaa! Imebaki mmoja, twende tao!" Hakuna aliyeshuka kumsahihisha, na atakayeshuka ataachwa. Gari limejaa katika karatasi ya pili pekee. Barabarani imejaa, na kama imejaa kweli basi huyo mmoja anakwenda kuketi wapi, hilo ni swali la isimujamii.

Jiji letu limechukua ngeli zote likazipa sare moja: i-. Kitu imepotea, chakula mingi, siku mingi, maji iko, lete kitabu ingine. Nami nikienda kununua mutura naongea hivyo hivyo, tena kwa raha. Nikimwambia yule jamaa "nikatie kipande kingine" ataniuliza kama niko salama. Shida ni kwamba mtoto wa Nairobi akiisoma sentensi kwa sauti moyoni, sentensi mbovu inamwitikia vizuri. "Chakula mingi kiliharibika" haimkwaruzi popote. Kwa hiyo msinijie na "mwalimu, nimeisoma mara tatu na inasikika sawa." Inasikika sawa kwa nani?

Haraka haraka, zile za kila mwaka: "alinipea" ni alinipa. "Nyumbani yetu" ni nyumbani kwetu, maana nomino ikishavaa -ni imehamia PA-KU-MU, ngeli ya mahali, haijali tena ilitoka ngeli gani. Kitabu kingine, siku nyingi, chakula kingi. Basi.

3. Sasa tuje kwa huyu "rafiki wangu".

Nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa nimegundua ngeli ya A-WA. Nasema kugundua kwa sababu ndivyo nilivyojisikia, kama mtu aliyeokota noti barabarani. Vitu vyenye uhai vyote, hata vikija na sura ya ngeli nyingine, vinaingia A-WA! Kifaru yule, si kile. Kipofu huyu. Mbwa wangu, ng'ombe wangu, paka wangu. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa akisema "mbwa yangu", na mimi pekee, kijana wa nyumba ya mabati, nilijua ukweli. Nikaanza kuwinda. Kila nilipoliona neno "yangu" karibu na kiumbe kinachopumua nililipiga risasi.

Jirani yetu mmoja, mama aliyezaliwa Mombasa, alikuwa akikaanga mahamri mlangoni kwake. Siku moja ananipa mawili, ananiambia, "Mpelekee na rafiki yangu mamako." Nikamwambia, kwa adabu zote, "Rafiki wangu, mama." Alinitazama, akacheka, akaongeza hamri la tatu. Alidhani nafanya mzaha. Mimi nikaondoka nikijiambia kwamba hata watu wa pwani siku hizi wanapotoka.

Usiku wa kuamkia karatasi ya pili ya mtihani wa mwigo tulikutana watano kwa mwenzetu mmoja. Stima ilikuwa imepotea, tukawasha mshumaa, tukauweka juu ya kifuniko cha sufuria. Wenzangu walikuwa wananiita Profesa. Nikawafundisha A-WA yangu saa nzima. Nikawaambia wazi: mkiona "rafiki yangu", huo ni mtego, kateni. Mmoja akauliza, "Na mama yangu je?" Nikafikiri kidogo, nikamjibu kwamba hiyo ni mazoea tu, mtihanini haiwezi kuja. Nikiliwaza jibu hilo leo natamani mshumaa ungezimika.

Kesho yake swali likaja kama nililoliagiza. Sentensi siikumbuki neno kwa neno, lakini ilianza na "rafiki yangu ambaye" na kitenzi chake kilikuwa kimebeba -ye- nyingine tumboni, kosa la wazi kabisa, limelala katikati ya barabara. Sikuliona. Niliona "yangu", nikaruka juu yake kama paka. Nikaandika "Rafiki wangu ambaye", nikanakili kosa lenyewe kwa mwandiko mzuri, nikaweka nukta. Nilitoka mle nikitabasamu.

Wiki iliyofuata tukaitwa majilisini, chumba cha walimu, sote watano. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amezipanga karatasi zetu mezani kama karata. Watu watano, kosa moja, neno moja, na hakuna mwingine darasani aliyelifanya. Na tulikuwa tumeketi karibu karibu. Kwake ushahidi ulitosha: tumenakiliana. Naibu wa mwalimu mkuu akasema kila mtu aje na mzazi.

Mama yangu alikuwa na kibanda cha mboga. Alikifunga siku ya Alhamisi, nyanya zikiwa zimeiva, akaja na leso yake begani. Tukasimama mbele ya ile meza. Nikaeleza yote: mshumaa, A-WA, mbwa wangu, kwamba hakuna aliyemwibia mwenzake, mimi ndiye niliyewagawia. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunijibu mimi. Akamgeukia mama.

"Mama, ukimtaja mwenzako pale sokoni, unasema rafiki yangu au rafiki wangu?"

Mama akanitazama, akamtazama mwalimu, kama mtu anayeulizwa swali lenye faini ndani yake.

"Rafiki yangu," akasema. "Kwani kuna ingine?"

Mwalimu akakohoa. "Nyingine," akasema polepole, ile ya mdomo kutoka wenyewe, kisha akainamia karatasi kwa haya, maana alikuwa amemsahihisha mtu mzima aliyefunga kibanda chake kwa ajili ya kimilikishi.

Tuhuma za kunakili zikafutwa. Alama haikurudi, yangu wala ya wenzangu wanne. Mmoja wao hajanisamehe hadi leo. Ni mhasibu sasa, na kila tukikutana ananiuliza rafiki wake hajambo. Njiani mama alikuwa kimya mpaka tukafika stendi, ndipo akaniuliza hiyo "wangu" niliitoa wapi. Nikamweleza tena habari ya A-WA, kwamba tunasema mbwa wangu, ng'ombe wangu, kwa hiyo nikaona na rafiki vilevile.

"Kwa hivyo," akasema, "ulimfanya rafiki yako mbwa."

Sheria yenyewe, ambayo ningeipata kama ningemuuliza mwalimu badala ya kujitawaza: nomino za jamaa na za mahusiano zisizo na kiambishi m- mbele, yaani baba, mama, ndugu, rafiki, jirani, adui, shemeji, vimilikishi vyake huchukua y- katika umoja na z- katika wingi. Rafiki yangu, rafiki zangu. Mengine yote hubaki A-WA: rafiki yangu huyu mrefu amefika. Zenye m- yake, kama mtoto, mke, mume, mwalimu, ni wangu. Daktari naye ni wangu. Ni mtu wa kazi, hana undugu nami.

Mnaona ajabu yake? Sikio la mama lilikuwa sahihi kwa "yangu" na likateleza kwa "ingine" ndani ya pumzi moja. Kwa hiyo sikio halitoshi, na sheria iliyoshikwa mkia nayo haitoshi. Ninachofanya tangu siku ile: kabla ya kubadilisha neno lolote naandika pembeni, kwa penseli, jina la kosa lake. Upatanisho. Urejeshi. Tahajia. Wakati. Nikikosa jina, neno hilo siligusi, hata likinikodolea macho. Hao 11 wenu nikiwauliza "yangu" ina kosa gani watasema "haikai vizuri". Hilo silo jina la kosa. Hayo ni malalamiko ya viatu.

4, 5 na 6 kwa pamoja, maana nimewachosha na mambo ya mama yangu.

Ambaye na o-rejeshi (kama ile -ye- ya "anayeuza") hawalali kitanda kimoja: "ambaye anauza" au "anayeuza", chagua. -Nge- na -ngali- hazichanganywi: ungesoma ungepita, ungalisoma ungalipita. Ukianza na "ingawa", usirudi tena na "lakini". Neno "kila" hufuatwa na umoja, hata kama mko elfu.

Tazameni alama zilizo mwishoni mwa swali. Swali la alama mbili mara nyingi limeficha makosa mawili. Ukipata moja na kutulia, umeketi mapema.

Andikeni sentensi nzima upya, mara moja, bila mkwaju. Kuna binti mmoja kwenu (anajijua) huandika "anayeuza/anauza" ili mtahini ajichagulie kama yuko hotelini. Mtahini hachagui. Na ng'ombe asiye na ritifaa si ng'ombe, hata kama sentensi nyingine yote umeipatia. Mwaka jana nilimwona kijana akisahihisha upatanisho mgumu vizuri sana na papo hapo kumpokonya ng'ombe king'ong'o chake. Nilitaka kulia.

Kuhusu saa: dakika 150 kwa alama 80 ni chini kidogo ya dakika mbili kwa alama moja. Matumizi ya lugha yapeni dakika 75, si zaidi. Mnaopenda kuanza kuchora matawi ya uchanganuzi wa sentensi kwa rula na kuyapendezesha kama picha ya harusi, nawaona.

Kazi ya Jumamosi ndiyo hii. Kwenye daftari, kalamu, na jina la kila kosa pembeni:

a) Kila wanafunzi walipewa kalamu zao.
b) Ungalifika mapema ungempata.
c) Ndugu zangu wawili wanaoishi Kayole wamenunua gari jipya.
d) Wingi wa magari barabarani yamesababisha msongamano.
e) Jirani wangu ambaye aliyeanguka alipelekwa kwa hospitali.

Moja haina kosa. Sisemi ipi. Atakayeigusa ananunua mahamri ya watu 14, na mimi nahesabiwa wa 15.