Kete hairushwi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Nottingham, Uingereza, na nacheza Mordheim, ule mchezo wa vita vya mezani uliotoka mwaka 1999: sanamu ndogo zilizopakwa rangi, mji uliobomolewa na kimondo, wafu, wachawi na makaburi. Nawaandikia binamu zangu wa Tanga kanuni zake kwa Kiswahili. Kiongozi wa kikosi cha wafu nimwite vampaya au mumiani? Kwa mfano: "Mumiani akishambulia, mchezaji arushe kete mbili."

Jibu: Marahaba. Nianze na mumiani, maana hanichukulii muda. Neno lina asili ya Kiajemi, la lami iliyotumiwa kama dawa. Pwani likaja kumaanisha mtu anayevizia watu gizani awatoe damu ya kutengenezea dawa. Enzi za mkoloni hata wazimamoto walishukiwa kazi hiyo. Lakini mumiani wetu ni mtu hai, jioni anarudi kwake kula wali. Huyo wako alishakufa na analala jenezani. Mwite vampaya, na japo ni mfu mpe upatanisho wa wenye uhai: vampaya amekuja, vampaya wamekuja. Zombi naye vivyo hivyo. Usimwite msukule, kwani msukule, kwa wanaoamini, hakufa. Alifichwa akalimishwe mashamba ya watu usiku.

Hayo yamekwisha. Sasa tuje kwenye hizo "kete mbili".

Nimelikuta kosa hili kwenye kurasa za michezo mpaka nikachoka kupiga mstari mwekundu. Kila ligi ikianza, timu "inarusha kete yake ya kwanza". Nikiuliza kete ni nini, naambiwa ni kile kidude cha pande sita chenye nukta. Hapana! Hicho ni dadu, tulichoachiwa na Wareno pamoja na karata na meza ya kuichezea. Kete ni kile kinachochezwa ubaoni. Kwenye bao la Kiswahili ziko 64, aghalabu mbegu za mkomwe, 32 kwa kila mchezaji. Unaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, unanamua moja moja, unakula, unatakata. Hakuna hatua hata moja ya kurusha. Ukiirusha komwe itakwambia nini? Haina moja wala sita. Itabingirika mpaka uvunguni mwa kabati, na mzee uliyekaa naye atakuuliza kama umechoka kucheza au umechoka kuishi.

Na kwenye mchezo wako, msomaji, kosa ni kubwa zaidi, maana kete unazo kweli. Ni hao hao wanajeshi wako! Wanasogezwa, wanashambulia, wanaondolewa mezani: hiyo ndiyo kazi ya kete tangu dunia iumbwe.

Basi tuifuate sentensi yako kama ilivyoandikwa. Vampaya wako ni wa madini, kimo chake hakifiki hata urefu wa kidole gumba. Umempaka rangi nyeusi ya msingi, ukasubiri ikauke. Ukampaka joho jekundu tabaka juu ya tabaka, mikunjo ukaitia kivuli, kingo ukazing'arisha. Kwa brashi yenye ncha ya sindano, huku umebana pumzi, ukamtia nukta nyeupe kwenye kila jicho. Binamu yako wa Tanga, kijana mtiifu, anasoma: "mchezaji arushe kete mbili". Anamshika vampaya kichwani, anamshika na zombi wa jirani yake, anawatikisa viganjani, anawarusha. Joho limechubuka. Upanga umepinda kama ndoano. Zombi ametua kifudifudi. Je, tusome nini hapo? Mordheim inasema adui akijeruhiwa, dadu ikitoka 1 au 2 ameangushwa, 3 au 4 amezimia, 5 au 6 ametoka mchezoni. Kifudifudi ni ngapi?

Halafu kuna forodha. Siku ukija likizo na kikosi chako begini, nakuomba usimwambie ofisa wa uwanja wa ndege kwamba umebeba kete. Mitaani na kwenye taarifa za polisi, kete ni kipimo cha unga, na si unga wa sembe. Utakuwa na muda mrefu wa kujifunza msamiati.

Najua yupo atakayeniandikia kwamba kete asili yake ni kauri, na kwamba kwenye pachisi ya India kauri hurushwa kweli, zikahesabiwa zilizotua chali. Ni kweli, na huyo nampa heshima yake. Kama wahariri wa michezo wangekuwa na pachisi akilini ningenyamaza. Nao basi nimeshawasamehe, maana timu ikishafungwa mabao manne hakuna anayekumbuka ilirusha nini. Lakini kanuni za mchezo zinasomwa na watu wawili wanaotafuta sababu ya kugombana, kwa hiyo neno moja libebe kitu kimoja.

Andika: "Vampaya akishambulia, mchezaji arushe dadu mbili." Wingi ni dadu hizo, dadu zangu. Ukiniandikia "madadu" sitajibu.