Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Boti ya Mto Wami

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imetufikia salama, na sisi hapa Tanga hatujambo. Unauliza kama wewe na mumeo, mtakapotoka huku kwenda Bagamoyo kwa njia ya pwani, mpande boti ya Mto Wami pale Saadani, au ni hatari na heri mbaki ufukweni. Niliisoma barua kwa sauti mbele ya baba yako, naye akaanza kucheka kabla sijafika mwisho. Kicheko hicho ndicho kilichonifanya nichukue kalamu mwenyewe, maana ninajua yeye angekujibu nini.

Habari za boti hiyo umezisikia kwake tangu uko shule ya msingi: kiboko aliibuka, mama yenu akapiga ukelele, kiboko akaogopa akazama. Aliisimulia kwenye harusi ya dada yako mbele ya wakwe, na kwenye yako akairudia kwa kipaza sauti. Sasa isikie kwangu.

Tulikwenda mwaka uliofuata baada ya Saadani kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, yaani baada ya 2005, nanyi tukawaacha kwa bibi yenu Muheza. Gari lilikuwa lile la shangazi yako, ambalo kioo cha kushoto kilikuwa hakipandi, na kushoto ndiko nilikokaa mimi. Kuhusu barabara ya Tanga hadi Pangani sina la kusema zaidi ya mkonge na vumbi. Pangani tulingoja kivuko mpaka jua likawa la utosi, na baba yako, ambaye hawezi kuuona mji ule bila kukumbuka kwamba Abushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa pale Desemba 1889, aliwasomesha historia abiria wote waliojibanza kwenye kivuli cha lori la nazi. Mto wa Pangani, unaoshusha maji ya Kilimanjaro na Meru, ni mpana na mkondo wake una nguvu bahari inapokupwa, lakini juu ya kivuko kizito mtu hatishiki. Baada ya Bweni, tulipokwisha kupita Mkwaja, njia iligawanyika. Nilimwomba baba yako asimame tumuulize mzee aliyekuwa akichunga mbuzi, naye akanijibu kwamba mwenye usukani ndiye mwenye neno. Njia ile ikaishia kwenye mashamba ya chumvi, meupe pande zote, pasipo pa kupita hata baiskeli.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwenye mlango wa Mto Wami, tukangoja maji yajae ili boti ivuke mafungu ya mchanga. Nahodha alikuwa mtu mzima aliyewahi kuwa mvuvi, mpole, asiyesema sana. Baba yako alipewa nafasi ya omo, yaani mbele, mimi nikakaa katikati na kikapu cha maandazi, na nahodha akakaa tezi, nyuma kwenye injini, akatuambia jambo moja tu: humu hasimami mtu. Nimekwambieni maisha yenu yote, na ninarudia: majini mwenye chombo ndiye mwenye neno.

Mwanzo ni mikoko mitupu, halafu maji ya chumvi yanapoyaachia yale yanayotoka milima ya Nguru na Ukaguru, mikoko inapungua na unaanza kuona mikindu na miti mikubwa yenye mbega. Mamba mmoja alikuwa amelala ukingoni na kinywa wazi. Baba yako akasema ameshiba, nahodha akasema anajipoza joto. Tulipofika kwenye kona ambapo mto unapanuka, nahodha alipunguza injini mpaka ikawa inanong'ona, akaipeleka boti upande wa maji machache, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, na ole wake atakayekuwa kati yake na kilindi. Kisha akachukua upondo akawa anagonga ubavu wa boti polepole, ili waliozama wajue tulipo. Masikio tuliyaona mengi. Lakini kiboko mzima anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5, kwa hiyo wasioonekana ndio wa kuhofia.

Hapo ndipo baba yako aliposimama na kamera yake.

Boti ililala upande. Hatua chache mbele ya omo viputo vilipanda, maji yakafura, na kichwa kikatoka kinywa kikiwa wazi, nami nikayaona meno ya chini yenye rangi ya chai kavu na ute unaoning'inia kati yake, na ile pumzi ya majani yaliyovunda ikanipiga usoni. Alikuwa jike, maana ndama wake alichomoza nyuma yake. Nilisema, “Kaa!” Neno moja. Sikupiga ukelele. Nahodha akaongeza moto na kuigeuza boti, na baba yako akakaa kweli, juu ya maandazi yangu. Tulipokwisha kufika mbali, nahodha alimtazama, akasema, “Bwana, ungemsikiliza mama.” Sentensi hiyo haijawahi kutajwa katika harusi yoyote. Na picha ipo: ni ile ya kwenye albamu ya kijani mliyokuwa mkiniuliza kwa nini tumeweka picha ya mawingu. Ncha ile ya kitambaa iliyo pembeni ni mtandio wangu.

Hata hivyo, huenda sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ninavyoikumbuka. Mtu aliye katika hali ile haisikii sauti yake. Lakini ukelele hauna maneno, na mimi nilisema neno, tena neno lenye maana, na laiti lingesikika mapema, maandazi yangeliwa. Unaweza pia kuniuliza kwa nini sheria ninayoitaka majini niliikataa njiani Mkwaja, wakati usukani ulikuwa mkononi mwa baba yako. Nimelifikiri sana. Nahodha alikuwa anaujua mto, baba yako alikuwa haijui njia. Na gari husimama ukilisimamisha, mto hausimami. Majini mwenye chombo ndiye mwenye neno, na nchi kavu anayeijua njia ndiye mwenye neno, hata kama ni mchunga mbuzi.

Basi, kama mwende au msiende, sitaki kuwaamulia. Mumeo simjui vya kutosha kusema kama ataketi akiambiwa aketi, wewe ndiwe unayemjua. Ukinibana nitasema, lakini hukunibana, umeuliza tu. Ninachoweza kusema ni kwamba msijaribu njia ile wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu udongo mweusi wa Saadani ukilowa hauachi gurudumu, na lami inayojengwa kati ya Bagamoyo na Pangani msiitegemee kabla hamjauliza imefika wapi. Ulizeni saa za maji kujaa siku moja kabla. Chagueni boti yenye maboya ya kujiokolea, myavae hata kama jua ni kali, na mkae katikati.

Baba yako anataka kuongeza maneno yake chini ya barua hii. Nimemkatalia. Ana simu yake, atakupigia, na akikupigia usiweke sauti ya juu mumeo akiwa karibu, angalau mpaka mtakapokuwa mmerudi.

Wasalaam,
Mama yako