Mwanangu kaanza kigugumizi, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu wa kiume ana miaka mitatu na nusu. Alianza kusema mapema, tena maneno mengi. Tangu nijifungue mdogo wake, miezi miwili sasa, anakwama: “Ma-ma-ma-maji.” Mama mkwe anasema nilimtekenya sana alipokuwa mchanga. Jirani anasema ni udata, akakatwe ile ngozi ya chini ya ulimi. Baba yake humkaripia, “Sema vizuri!” ingawa na yeye akikasirika hukwama kidogo. Nimekosea wapi? – Mama Ima, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea popote. Jibu umelitaja mwenyewe ukalipita mbio: baba yake.

Kigugumizi hutembea katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, walioanzia kwenye familia za Pakistani zenye watu wengi wa kigugumizi, walieleza jeni tatu zinazohusika kwa baadhi ya watu. Wanaopiga picha za ubongo nao wameona kwamba njia zinazounganisha sehemu ya kusikia na ile ya kuendesha mdomo hazifanani kabisa na za wengine. Kumtekenya hakumo. Udata nao huweza kumsumbua mtoto kunyonya, lakini haumfanyi arudie “ma-ma-ma”. Wembe wa mtaani usimguse.

Mbona basi kimeanza mdogo wake alipozaliwa? Umri tu. Kwa kawaida hujitokeza kati ya miaka miwili na mitano, pale maneno yanapomjaa mtoto kuliko mdomo unavyoweza kuyatoa. Msisimko wa mgeni ndani ya nyumba huweza kukizidisha, lakini siyo uliokileta. Kama watoto 5 katika 100 hupitia hali hii na wengi wao kinaisha chenyewe. Wavulana ndio hubaki nacho zaidi.

Lawama kwa wazazi ni ya zamani, hata wasomi waliibeba. Mwaka 1939 huko Iowa, Marekani, watoto yatima waliokuwa wakisema vizuri waliambiwa makusudi kwamba wanakwama, wakawa wanakosolewa kila wanapofungua mdomo, ionekane kama watapata kigugumizi. Hawakukipata. Walichopata ni woga wa kusema. Mwonyeshe mumeo mstari huu.

Mimi nimelelewa na kigugumizi. Baba yangu, fundi cherehani Pangani, alikuwa akijipiga paja kwa kiganja, pa, pa, pa, mpaka neno litoke. Lililomshinda kuliko yote ni jina lake mwenyewe. Mteja mgeni akiuliza, alimwonyesha kibao cha mlangoni. Lakini akisoma kaswida na wenzake, hakwami hata herufi moja! (Wengi wako hivyo: wakiimba au wakisoma kwa pamoja, ulimi hufunguka.) Aliyemuudhi si aliyecheka. Ni ami yetu mmoja, mtu mwema kabisa, aliyemmalizia kila sentensi, na mara nyingi akaimalizia vibaya. Baba akitaka uzi mweusi, ami keshaagiza mweupe.

Kwa hiyo Ima akikwama, mngoje. Usimwambie “pumua kwanza” wala “anza upya”. Mwangalie usoni, sikiliza anachotaka, siyo anavyokitamka. Wewe mwenyewe punguza mwendo wa kusema, watoto hufuata. Mtafutie dakika kumi kila siku mkae wawili, yule mchanga kalala, simu iko mbali.

Ikifika miezi sita hajabadilika, au ukiona kabla ya hapo anakaza shingo, anafumba macho kulisukuma neno, au ameanza kunyamaza, usingoje. Kwa kuwa baba yake anacho, mimi ningewahi hata sasa. Anzia idara ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa, uulizie mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache, utapangiwa tarehe ya mbali, ichukue hivyohivyo. Na siku hiyo nenda na baba yake.