Kijapani kinageuka takataka kwenye programu yangu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naandika programu ya jamaa wanaoagiza magari Japani. Wanatuletea CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) ya mnada, nikiifungua naona vialmasi vyeusi vyenye alama ya kuuliza �, na nikiwarudishia orodha yetu wao wanalalamika wanaona 縺 縺 縺 tupu. Kwenye mfumo wa kuhifadhi herufi kama namba, mmoja ananiambia nihamie Shift_JIS ya Kijapani kama wao, mwingine UTF-8, mwingine UTF-16 eti Kijapani kinakuwa chepesi. Nimfuate nani? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole ndugu yangu, Wajapani wenyewe hiyo kitu wanaiita mojibake, yaani herufi zilizogeuka, imewatesa miaka na miaka. Na hizo 縺 zinakwambia kitu, maana hiragana (herufi za silabi za Kijapani) nyingi kwenye UTF-8 zinaanza na baiti (namba ndogo za kompyuta) E3 81, sasa kompyuta inayosoma Shift_JIS ikizikuta hizo mbili inazifanya kanji (herufi yenye asili ya Kichina) moja, 縺. Kwa hiyo faili lako ni zima, ila Excel ya kule imelisoma kwa Shift_JIS. Almasi ni kinyume chake, la kwao ni Shift_JIS we unalisoma kama UTF-8.

Databesi weka UTF-8. Shift_JIS haina Kiarabu kabisa, siku ukipata mteja wa Dubai jina lake utaliweka wapi? Halafu ina mtego mmoja mbaya sana. Chukua Passo, hizi hizi zilizojaa mjini, Kijapani ni パッソ, ile ソ ya mwisho kwenye Shift_JIS ni baiti 83 5C, na 5C ndo bakslashi (\), basi databesi inaona bakslashi inameza alama ya kufunga jina na kwari (amri unayoipa databesi) nzima inakufa. Nilishakesha usiku kucha kwa ajili ya ソ moja, Vitz zinaingia Corolla zinaingia, Passo zinagoma, nikadhani nimerogwa.

UTF-16 ni kweli kanji nyingi ni baiti 2 badala ya 3 za UTF-8, ila namba za chesisi, bei na tarehe zote zinakuwa mara mbili, faida iko wapi hapo?

Kama databesi yako ni MySQL chagua utf8mb4, usidanganyike na utf8 ya zamani, ile inaishia baiti 3 na 𠮷 ya kwenye majina ya watu inataka 4.

CSV yao igeuze pale pale inapoingia, ila mwambie msomaji wa faili ni CP932 (Shift_JIS ya Microsoft iliyoongezewa herufi), sio Shift_JIS kavu, kwa sababu ㈱ ya majina ya kampuni na ① ziko kwenye CP932, Shift_JIS kavu haina. Ukiwarudishia orodha tanguliza BOM, zile baiti EF BB BF mwanzoni kabisa mwa faili, Excel yao ikiziona itajua ni UTF-8.