Re: Hivi tauni iliisha zamani huko Ulaya au bado ipo?

Mkuu haijaisha, ipo mpaka leo ila siku hizi dawa zipo. Ile ya Ulaya watu wanaijua, meli zilitia nanga Messina 1347 na ndani ya miaka michache theluthi ya watu au zaidi wakawa wamekwisha. Ila mi naona wimbi la juzijuzi ndo tamu zaidi kulisoma, maana lilifika mpaka huku kwetu. Lilitoka Yunnan China likashuka Hong Kong 1894, hapo ndo Yersin, yule daktari mtafiti, akamnasa bakteria mwenyewe wa tauni, 1896 likatua Bombay, kisha meli zikabeba panya dunia nzima. Nairobi ilipata 1902, wazungu wakachoma bazaar ya Wahindi yote moto, yaani mji una miaka mitatu tu!

Sasa uliuliza inaambukizaje, aliyeonyesha kwamba kiroboto ndo msambazaji ni Simond, daktari Mfaransa, 1898. Kiroboto akinyonya panya mgonjwa wale bakteria wanamziba koo, damu haishuki, kwahiyo anabaki na njaa anang'ata ovyo na kila aking'ata anatapika vijidudu kwenye kidonda. Panya wakifa anahamia kwa binadamu, ndo unaona mitoki kinenani au kwapani. Ikishafika mapafuni inaambukiza kwa kikohozi, hiyo ndo hatari kweli, Madagascar 2017 walikiona. Na Lushoto pale Tanga ilisumbua miaka mingi toka 1980, waulize wazee wa huko.