Aliyejipeleka mwenyewe, naye ni mfiadini?

SWALI: Tukijiandaa kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3, tumebishana kwenye darasa letu la katekisimu. Mwenzetu anasema Wakristo wa mwanzo walijipeleka wenyewe kwa watawala ili wauawe. Ni kweli? Na aliyefungwa akatoka hai, naye aliitwa shahidi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Waliojipeleka walikuwapo, ila hawakusifiwa. Barua ya Kanisa la Smirna (leo Izmir, Uturuki) kuhusu kifo cha Askofu Polikarpo, karne ya 2, inamtaja Quintus wa Frigia. Alijitokeza mwenyewe, tena akawavuta na wengine. Alipowaona wanyama wakali akanywea, akaapa kama alivyotakiwa na kuifukizia miungu ubani. Barua inasema wazi: wanaojitoa wenyewe hatuwasifu, kwani Injili haifundishi hivyo. Polikarpo alijificha shambani, akahamia shamba la pili. Askari walipomfikia aliagiza wapewe chakula, akaomba muda wa kusali.

Kukimbia kuna andiko lake, Mathayo 10:23: wakiwatesa katika mji huu, kimbilieni mwingine. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage (leo Tunisia), alilibishia sana, lakini Sipriani, askofu wa mji huohuo, alijificha mwaka 250 na bado ni mfiadini: alikatwa kichwa mwaka 258.

Tazameni pia kesi yenyewe ilivyokwenda. Mnamo mwaka 112 Pliny, liwali wa Kirumi wa Bithinia (leo kaskazini mwa Uturuki), alimuuliza mshitakiwa mara tatu, huku akimtishia: wewe ni Mkristo? Aliyeshikilia aliuawa. Aliyekana alitakiwa kuiomba miungu, kutoa ubani na divai mbele ya sanamu ya Kaisari na kumlaani Kristo. Kaisari Trajan akamwandikia: wasisakwe, ila wakishitakiwa na kuthibitika, waadhibiwe. Kwa hiyo Quintus alijipeleka mahali ambapo huenda hakuna aliyekuwa akimtafuta.

Swali la pili limo ndani ya neno lenyewe. Kwa Kigiriki, martys ni shahidi yule wa mahakamani, na Kiswahili chetu nacho kinatumia neno moja kwa shahidi wa mahakamani na kwa aliyeifia dini. “Mfiadini” lina kifo ndani yake, “shahidi” halina. Nadhani ndipo ubishi wenu ulipoanzia. Mwanzoni hata waliotoka hai waliweza kuitwa mashahidi, baadaye wakaitwa waungamaji. Wakristo waliofungwa Lyon (leo Ufaransa), mwaka 177, walishakaripia mapema: waliteswa mara kadhaa, lakini aliyewaita mashahidi walimkemea. Jina hilo, walisema, ni la Kristo na la wenzao waliokwisha kufa.