Mkuu, hao Duboisi wa Jumamosi, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, waache kwanza

Usiwatie. Jumamosi hii wasiingie kwenye hilo tanki, na kama umeshatuma hela yote mpigie jamaa wa Kigoma anayekuuzia, sasa hivi, akae nao.

Tanki nimeliona kwenye picha, zuri. Futi 4, lita 240, kwa bei hiyo ya mtu anayehama hujapigwa. Mawe umeyapanga vizuri kuliko mimi. Umeuliza taa nyeupe au ya bluu, karatasi ya nyuma ya rangi gani, chakula gani, na kama unaweza kuwachanganya na samaki wengine. Sawa. Lakini kilichonifanya niache ugali upoe ni ule mstari wako wa mwisho: "maji nimejaza jana, leo yameshakuwa angavu kabisa, Jumamosi napokea samaki 15 kutoka Kigoma."

Maji angavu! Hiyo kauli unaiokota wapi? Usijibu. Mimi niliuziwa hiyohiyo na jamaa wa duka la samaki wa mapambo, ambaye simtaji jina wala mtaa kwa sababu ana watoto wanasoma. Akaniambia, "Bro, washa filta usiku kucha, asubuhi maji yakiwa kama kioo tia samaki." Huyohuyo aliniuzia hita. Hita, Dar es Salaam, mwezi wa pili, mimi mwenyewe nalala na feni mbili. Hapo ndipo ningeshtuka, ila ukiwa na tanki jipya akili inakuwa likizo.

Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya hayo maji angavu. Samaki anatoa amonia muda wote, nyingi inapitia mashavuni, achilia mbali kinyesi na chakula kinachooza chini ya mawe. Amonia ni sumu na haina rangi. Kwenye tanki lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga na kwenye mawe. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hao bakteria hawaji na filta kwenye boksi. Wanajijenga polepole, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Tanki lako la jana halina kitu. Unataka kupangisha wapangaji 15 kwenye nyumba ambayo shimo la choo halijachimbwa.

Na kwa samaki wa Tanganyika balaa ni kubwa zaidi, hili hakuna aliyeniambia. Maji ya lile ziwa yana pH (kipimo cha uasidi wa maji, 7 ni katikati) ya juu, kati ya 8.6 na 9 na kidogo, ndiyo maana sote tunaweka mchanga wenye makombe na mawe ya chokaa. Safi kwa samaki. Ila amonia inabadilika kufuatana na pH. Kwenye pH 7, joto la nyuzi 25, ile sehemu yake yenye sumu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja. Yaani amonia ileile, kipimo kilekile, ambayo kwa jirani yako mwenye samaki wa dhahabu na maji ya pH 7 inapita kimyakimya, kwako inaua. Kwa hiyo usiniletee habari za binamu yako aliyetia samaki siku hiyohiyo na wakapona.

Mimi nilianza na Tropheus wa Ikola, jamii moja na hao Duboisi wako, wale weusi wenye mkanda mpana wa njano. Ikola ni kijiji kule Katavi, kando ya ziwa, na hao samaki Wazungu wanawapa majina ya kifalme na kuwauza bei ya simu. Nilikuwa na raha ya ajabu. Siku za mwanzo wanakimbizana kwenye mawe, watoto wamekaa mbele ya tanki, TV imezimwa yenyewe. Halafu asubuhi moja nawakuta wote juu, wamejipanga chini ya mdomo wa filta pale maji yanapoangukia, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka, mapezi wameyabana mwilini, ule mkanda wa njano umefifia. Maji? Angavu! Unaweza kusoma gazeti upande wa pili.

Nikampigia jamaa. "Wanazoea mazingira, wape muda."

Nikawapa muda, nikapoteza wawili. Nikampigia tena. "Hao wana ugonjwa. Njoo nikupe dawa." Dawa yenyewe ni ile ya bluu, metilini bluu, chupa ndogo bei kubwa. Nikaitia yote kwenye tanki. Mkuu, sebule iligeuka bluu. Silikoni ya kwenye kona za tanki mpaka leo ni ya bluu, haitoki kwa sabuni wala kwa maombi, na kila mgeni anauliza kama nimeipaka kwa makusudi. Huwa najibu ndiyo. Sasa kumbuka: hakukuwa na ugonjwa wowote. Kulikuwa na amonia. Na dawa ile inaweza kuua bakteria walewale wachache waliokuwa wameanza kujikongoja kwenye sponji. Yaani nililipia kuua wasaidizi.

Haikutosha. Nikaona nifanye usafi wa nguvu. Nikamwaga maji yote, nikatoa sponji ya filta nikaiosha kwenye bomba kwa kuikamua mpaka ikawa nyeupe kama imetoka dukani. Maji ya bomba yana klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria, ndiyo maana inawekwa. Nikarudisha sponji safi, maji mapya angavu, nikajipongeza. Baada ya hapo walikwenda mmoja mmoja mpaka wakaisha. Mama watoto akaniuliza anunue ndimu au anunue sanda. Nilicheka. Sikuwa nacheka.

Halafu sikia bei ya huu ujinga, maana hapa ndipo wengi wanapigwa. Nilirudi kwa jamaa. Hakuona haya hata kidogo. "Wale walikuwa dhaifu, safari iliwachosha. Chukua hawa, wameshazoea maji ya Dar." Nikachukua! Laki nne na ushee nyingine. Tanki lilikuwa lilelile, siku chache tangu niliue kwa bomba. Hawa wa pili walivuka hatua ya amonia, nikaanza kutamba, wengi wao wakaja kufia kwenye nitriti. Nitriti inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe hewa, kwa hiyo samaki anahema juu ya maji huku pampu inatoa mapovu kama kawaida. Unaongeza pampu ya pili, haisaidii. Nilinunua pampu ya pili. Kutoka kwa nani? Usiniulize.

Anayeuza samaki anapata faida ukinunua, na anapata tena wakifa. Sisemi wote wako hivyo, kuna wauzaji waungwana hapa mjini. Lakini muuzaji ambaye hajakuuliza tanki lako lina muda gani tangu liwashwe filta, huyo mwachie samaki wake.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mfugaji wa siku nyingi. Alikuja nyumbani, hakuangalia samaki waliobaki, alitoa vichupa vya kupimia maji kwenye mfuko wa shati. Akajaza maji ya tanki kwenye kile kichupa cha kioo, akatia matone, akatikisa, tukasubiri. Vipimo vyake vya amonia vikibaki njano maana yake hakuna. Yangu yalikwenda kijani, si kijani ya kubahatisha, kijani ya jani la mgomba. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Baba, hapa umeweka samaki kwenye mkojo." Basi. Somo lote.

Kwa hiyo sheria ni moja na siibadilishi kwa mtu: samaki hawaingii mpaka vipimo viseme amonia 0 na nitriti 0, baada ya wewe mwenyewe kulilisha tanki amonia na kuona imeliwa ndani ya saa 24. Siyo macho. Siyo harufu. Siyo muuzaji. Nunua vipimo vya matone kabla ya kununua hiyo taa. Vile vya karatasi vinaniudhi, rangi zake kila mtu anasoma lake, na vingi havina amonia kabisa.

Unalilishaje tanki lisilo na samaki? Tupa chakula cha samaki kiasi cha kubana kwa vidole viwili kila siku, au weka kamba mbichi mmoja kwenye soksi safi ya nailoni aoze humo. Ndiyo, itanuka. Waambie nyumbani mapema. Amonia itapanda, kisha itaanza kushuka huku nitriti ikipanda, hapo usifurahi, uko katikati ya mto. Nitriti ikishuka mpaka 0 na nitrati ikaonekana, toa kilichooza, badilisha sehemu kubwa ya maji, tia chakula kidogo tena, pima kesho yake. Amonia na nitriti zote 0? Ndiyo Jumamosi yako.

Kuna njia ya mkato ya halali: sponji chafu kutoka tanki lililokomaa la mtu unayemwamini, ambaye samaki wake hawana magonjwa. Unaiweka ndani ya filta yako kando ya sponji yako, inakuja na bakteria wake. Inapunguza muda sana, lakini haikuondolei kupima. Na kuanzia siku hiyo sponji haioshwi bombani tena. Chota maji ya tanki kwenye ndoo siku ya kubadilisha maji, ikamue humo mara mbili tatu, irudishe ikiwa bado na uchafu wake. Ukiiona ya kahawia usione aibu.

Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi kutwa na kucha kabla hayajaingia tankini, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Umeme ukikatika muda mrefu, bakteria wa kwenye filta ya nje wanakosa hewa na kuanza kufa, kwa hiyo umeme ukirudi mwaga kwanza maji yaliyolala ndani ya filta ndipo uwashe. Pampu ya hewa ya kuchaji ni hela iliyotumika vizuri kuliko hiyo karatasi ya nyuma.

Kama jamaa wa Kigoma amegoma kabisa na samaki wako kwenye basi, basi omba sponji ya mtu leo, wape chakula kidogo sana kwa siku, pima asubuhi na jioni, na amonia au nitriti ikionekana badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo, hata iwe kila siku kwa mwezi mzima. Nakuambia hivyo si kwa sababu ni njia nzuri. Utachoka, na bado unaweza kuwapoteza. Mlipe jamaa hela ya chakula akae nao, itakuwa rahisi mara kumi.

Chakula, kwa kuwa umeuliza: Duboisi ni Tropheus, na Tropheus kazi yake ziwani ni kukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wake ni mrefu. Mpe chakula cha mwani, cha spirulina, kidogokidogo. Minofu na minyoo achana nayo, tumbo linavimba na hapo utarudishwa tena kwa yule wa dawa ya bluu. Na usije ukashtuka ukiona vile vidoto vyeupe kwenye mwili mweusi vinapotea wakikua. Hawaumwi. Ndivyo wanavyobadilika, kichwa kinakuwa cha bluu na mkanda unatokea. Nimeshaona mtu anawatibu kwa hilo.

Mimi niko Tabata, filta yangu ina sponji mbili na moja ni yako ukiitaka, bure. Njoo na ndoo yenye mfuniko, nitakuwekea na maji ya tanki ili isikauke njiani, na uje na maji yako kwenye chupa tuyapime hapa mezani kabla hujaondoka. Hita pia unaweza kuichukua, haijawahi kuwashwa.